Macho Ishirini na Saba

Zama hizo dola ya Kushi ilikuwa imezeeka. Misafara ya pembe za ndovu na mpingo, iliyokuwa ikipita jangwani kila mwezi, sasa ilipita mara moja kwa mwaka, tena kwa kujibanza. Tanuri za chuma zilizokuwa zikifuka moshi kando ya mto zilikuwa zimepoa, na mbuzi walilala ndani yake. Hata hivyo, mwendo wa siku mbili kutoka mtoni, katika bonde kavu la Warkesha, Hekalu la Simba lilikuwa bado limesimama. Nguzo zake zilikuwa nyekundu kama jua la magharibi, na mbele yake palikuwa na birika kubwa la mawe, ambalo mvua chache za mwaka zililijaza na watu na ng'ombe wakanywa humo mpaka mvua nyingine.

Ndani ya hekalu hilo, upande wa mashariki, palikuwa na Ukuta wa Mama. Juu yake walichongwa mama wa wafalme ishirini na saba, wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine, nyuso zao zimeelekea mlangoni, kwa hiyo kila mmoja alionekana jicho moja tu. Chini ya miguu ya kila mmoja palichongwa jina lake. Majina hayo hayakuandikwa mahali pengine popote duniani.

Nawide alikuwa binti wa Nyumba ya Chokaa. Wanawake wa nyumba hiyo ndio waliopaka hekalu kila mwaka kabla ya mvua. Walipaka chokaa nyembamba kama utando wa maziwa, mistari ya wachongaji isizibike, kisha wakarudishia rangi. Hakujua kusoma hata alama moja. Kusoma kulikuwa kwa ukoo wa wasomaji peke yao, na watu wengine hawakuruhusiwa hata kuyasikia majina yale yakisomwa. Lakini vidole vyake viliujua ukuta ule kama mama anavyoujua mgongo wa mwanawe. Alijua nani ana ufa gotini, nani taji lake limebanduka unyoya. Alikuwa msichana mwenye haya nyingi. Akiulizwa neno mbele ya watu, alijibu huku anavitazama vidole vyake.

Sheria ya wapakaji ilikuwa moja, nayo ilifundishwa kabla mtoto hajashika brashi ya makuti: usifunike jicho. Kwa watu wa Warkesha, mtu alifunikwa jicho siku ya kuzikwa, si siku nyingine. Kwa hiyo mpakaji alipofika kwenye jicho, aliweka brashi chini, akalizunguka kwa ncha ya kidole.

Mwaka ule habari zilifika kabla ya mvua. Mpanda ngamia mmoja alikuja mbio kutoka kaskazini, midomo imempasuka, akaeleza kwamba jeshi la mfalme wa milimani limevuka visima. Lilikuwa na mikuki mia sita, na nyuma yake walikuja watu wenye nyundo badala ya mikuki.

"Nyundo za nini?" akauliza Mzee Malowi, mkuu wa wasomaji, ambaye alikuwa mjomba wake Nawide.

"Za nyuso, mzee. Kila hekalu wanaloingia wanavunja nyuso za waliochongwa. Wanasema nchi isiyo na nyuso haikumbuki kudai."

Baraza likakaa chini ya nguzo. Terike, kaka yake Nawide, alisimama mbele ya wazee. Alikuwa akida wa wapiga upinde arobaini, na kwenye gumba lake la kulia alivaa pete nene ya jiwe jeusi, ile ya kuvutia uzi wa upinde.

"Nina watu arobaini," alisema. "Kule kwenye korongo la kaskazini watu wawili hawawezi kupita sambamba. Naweza kuwazuia siku tatu. Ya nne, wazee wangu, sitawadanganya."

"Siku tatu zitatosha nini?" akauliza Malowi. "Ukuta haubebeki begani."

Hapo ndipo sauti ndogo ikasikika kutoka walikokaa wanawake.

"Unafichika."

Watu wakageuka. Nawide alikuwa amevitazama vidole vyake.

"Sema, mwanangu," akasema Malowi. "Hapa hakuna anayekula mtu."

"Tuufunike kwa udongo, mjomba. Si chokaa. Udongo mzito wa nyumba, wenye makapi na gundi ya mgunga. Jua letu linakausha kwa siku mbili. Halafu tuingize mbuzi. Watakuta zizi lenye ukuta mtupu. Nani avunje ukuta mtupu?"

Bibi Satame, mkongwe wa Nyumba ya Chokaa, aliyefundisha vizazi vitatu kupaka, akacheka kwa meno mawili yaliyombakia. "Haya, wanaume! Pinde zimewashinda, sasa mmekuja kujificha nyuma ya udongo wa wanawake."

"Bibi," akamjibu Terike, "laiti ulimi wako ungefungwa kwenye upinde, tungekuwa tumeshinda tangu jana."

Wazee wakacheka, hata yule mjumbe aliyepasuka midomo. Malowi peke yake hakucheka.

"Na macho?" akauliza.

Akanyosha kidole kuelekea Ukuta wa Mama.

"Mtafunika taji, mtafunika mikono na majina. Hayo nayaruhusu. Lakini jicho likifunikwa, mama yule amekufa, na anayelifunika ndiye aliyemuua. Sitakuwa msomaji niliyeua mama ishirini na saba kwa siku moja. Macho yatabaki wazi."

Basi wakafanya hivyo, ila ukuta wa magharibi, wa Simba na wafalme, waliuacha, kwa kuwa muda haukutosha kuta mbili. Terike aliondoka alfajiri na watu wake, na wasomaji wawili vijana wakashika pinde wakamfuata, kwa kuwa mikono ilikuwa haitoshi. Huku nyuma wanawake wakakanyaga udongo kwa miguu mpaka mapaja, wakachanganya makapi, wakapaka. Walifanya kazi mchana kutwa siku mbili, wakipokezana maji kutoka birikani. Nawide alipaka karibu na kila jicho kwa kidole, kama alivyofundishwa, akaacha tundu dogo, na katika kila tundu jicho la jiwe lenye wanja mweusi likimtazama.

Siku ya tatu adhuhuri, Terike alirudi. Kati ya watu arobaini alikuwa na tisa. Wale wasomaji wawili hawakuwemo. Mkono wake wa kushoto ulining'inia, umefungwa kwa kitambaa cha pamba kilichoganda damu. Aliingia hekaluni kutafuta maji, akauona ukuta, akasimama.

Ukuta ulikuwa umepauka, umekauka vizuri, laini kama yai. Katikati yake, kwa safu moja kutoka mwanzo hadi mwisho, macho ishirini na saba yalikuwa wazi yakitazama mlangoni.

"Nawide," akasema polepole, "mmefanya nini hapa?"

"Tumeufunika, kaka."

"Mmeufunika? Dada yangu, hapo mwanzo mtu angeweza kuupita akidhani ni mapambo. Sasa hata kipofu atasimama autazame! Watu thelathini na moja nimewaacha korongoni kwa ajili ya ukuta unaokonyeza!"

Nawide akautazama ukuta kwa macho ya kaka yake, akaona kwamba ni kweli. Siku mbili nzima wote walikuwa wameuona, na hakuna hata mmoja aliyeona kosa. Kwao jicho lilikuwa kitu cha kuachwa tu, kama mtu anavyoacha mlango anapojenga nyumba.

Vumbi lilikuwa limekwisha kuonekana kaskazini. Malowi akatoa amri watu wote wapande majabali ya karibu. Wazee wakabebwa, ng'ombe wakaswagwa. Nawide alikwenda pamoja nao mpaka kwenye mwamba wa kwanza. Pale akamshika Bibi Satame mkono.

"Bibi, akiniuliza mjomba, mwambie nimesahau brashi yangu."

Mkongwe yule akamtazama. "Brashi yako umeishika mkononi, mjukuu wangu."

"Najua, bibi."

Satame hakumzuia. Alifungua shanga moja ya buluu shingoni mwake mwenyewe, akamfunga Nawide kwenye kifundo cha mkono, akaendelea kupanda.

Nawide alirudi mbio. Alichota udongo uliobaki, akausogeza kwenye jicho la kwanza, kisha akasita. Wala hakusita kwa woga wa sheria. Udongo mbichi ni mweusi. Madoa ishirini na saba meusi kwenye ukuta uliokauka, tena kwa safu, yangesema zaidi kuliko macho yenyewe, na jua halikuwa na muda wa kumsaidia.

Akatazama huku na huku. Nje ya mlango, kando ya birika, palikuwa na samadi ya ng'ombe ya asubuhi ile. Warkesha haina miti ya kutosha kuni. Kila mwanamke wa bonde lile hukanda samadi na makapi, akaifinyanga kama mikate, akaibandika ukutani ikauke, kisha akapikia. Hakuna nyumba isiyo na ukuta wa namna hiyo.

Machozi yakamtoka. Kuua ni jambo moja. Kuua na kupaka samadi usoni ni jambo jingine. Lakini lisilo budi hutendwa. Akakanda, akafinyanga, akaubandika mkate wa kwanza juu ya jicho la kwanza.

"Nisamehe, mama," akasema.

Akaenda kwa wa pili. Jina hakulijua, ila alijua kwamba huyu ndiye mwenye ufa gotini. "Nisamehe, mama." Kila baada ya jicho alibandika mingine miwili au mitatu ovyo ovyo, juu na chini, safu isionekane. Wa mwisho alikuwa yule mfupi karibu na mlango, ambaye jicho lake lilichongwa kwa kina kuliko yote. Tangu utotoni Nawide alikuwa akimsafisha huyo mwisho, kwa ncha ya kidole kidogo. Akaligusa pembeni kwa kidole hicho hicho. Akafunika.

Kisha akafungulia mbuzi sita waliosahauliwa, akawasha moto wa moshi chini ya ukuta, akaketi na chungu cha uji.

Jemadari wa milimani aliitwa Degana. Alikuwa mtu mzima, mwenye shuka jeupe lenye ukingo mwekundu na upanga wenye mpini wa pembe ya kifaru. Aliingia amechoka, mishale miwili imebaki kwenye ngao yake. Nyuma yake wenye nyundo wakaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa magharibi, alikochongwa Simba mwenyewe na wafalme mbele yake. Nyundo ya kwanza ilipolia, Nawide alihisi meno yake yanauma. Hakugeuka. Alikoroga uji. Nyuma yake pua zilianguka, na midomo, na masikio, na vipande vikabingirika mpaka miguuni pake.

"Na huu?" akauliza Degana, akiuelekezea upanga ukuta wa mashariki.

"Huo ni jiko langu, bwana."

"Jiko? Ndani ya nyumba ya mungu wenu?"

Nawide akavitazama vidole vyake vilivyochafuka. Kwa mara ya kwanza maishani haya yake ilimfaa, maana mwanamke mwenye haya hakuna anayemdhania hila. "Mungu ni mzee, bwana. Hana tena wageni. Mimi nina mbuzi."

Askari wakaangua kicheko. "Wanamwabudu simba, nao wanamkaushia mavi!" akasema mmoja, mwenye pua iliyovunjika. Akaenda ukutani kujichukulia kuni za kupikia. Kati ya mikate yote ile, aliuwekea mkono mkate wa yule mfupi karibu na mlango.

Ulimi wa Nawide ukafanya kazi peke yake.

"Huo mbichi huo, baba! Utakutia moshi na kinyaa bure. Mikavu iko nje, kando ya birika. Chukua hata kumi."

Lakini vidole vya yule askari vilikuwa vimekwisha kuzama. Akauvuta mkono wake, umepakaa samadi mpaka kiwiko, akautazama kama si wake. Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mpe mkono, Pua! Msalimie mungu!" Yule akatukana, akatoka nje kunawa.

Degana hakucheka. Alisogea mpaka ukutani, akainama. Mkate ule ulikuwa umeteleza kidogo, na pembeni yake ukaonekana mstari mwembamba mweusi wa wanja. Akautazama mstari ule, akamtazama Nawide. Kisha akayatazama mawe yaliyovunjika sakafuni, na vumbi lililokuwa likitua juu ya uji.

"Mama yangu naye alikuwa akipikia hii," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. Akausukuma mkate ule kwa kiganja, ukarudi mahali pake. "Twendeni. Hapa pananuka."

Wakaondoka kabla jua halijatua, wamechukua taa ya dhahabu na milango ya mierezi.

Watu waliporudi, walilia kwanza kwa ajili ya Simba. Kisha Malowi akaingia, akauona Ukuta wa Mama, akaelewa. Akaweka kiganja juu ya mkate wa karibu, bila kuuondoa.

"Mjomba, nimeuokoa," akasema Nawide.

"Umeuokoa, mwanangu. Na umewaua. Yote mawili ni kweli, na sijui niyabebe vipi pamoja."

"Basi tuyafungue macho!" akasema Terike kwa hasira. "Samadi haioshwi?"

"Maji yakimwagika hayazoleki. Aliyefunikwa jicho amezikwa, na hatufukui wafu."

"Wanangu thelathini na moja nao wamezikwa na nani? Na tai!" Terike akamshika Nawide bega. "Mzee, huyu ni mtoto wa dada yako."

"Ndiyo maana siwezi kumwacha. Sheria ni msumeno, Terike. Nikiupindisha kwa damu yangu, kesho hautamkata mtu yeyote, nasi tumebakiwa na nini kingine? Nyuso hatuna tena."

Ukuta haukufunguliwa. Mlango ulizibwa kwa mawe, na watu wakaumiminia mchanga kwa siku saba, kama kaburi la mfalme. Na kwa kuwa sheria iliamuru kwamba anayefunika jicho la aliye hai naye afunikwe macho, aongozwe nje ya nchi, na asikifungue kitambaa mpaka asisikie tena ngoma ya hekalu, asubuhi ya siku ya nane Nawide alifungwa kitambaa cheusi cha pamba. Bibi Satame ndiye aliyekifunga, akakilegeza makusudi, huku akiwatukana wasomaji wote na mababu zao bila kupunguza sauti. Terike alimvisha dada yake pete ya jiwe. Ilikuwa kubwa mno kwa gumba lake, akaifunga kwa uzi wa upinde.

Aliyemshika mkono kumwongoza alikuwa Malowi mwenyewe. Walitembea kuelekea mtoni, ngoma ikilia nyuma yao. Jua lilipopanda, mzee yule akaanza kusema.

"Nawide. Vijana wangu wawili wamekufa korongoni. Anayejua kusoma ukuta nimebaki mimi, na kifua changu hakitaona mvua ya mwakani."

"Usiseme hivyo, mjomba."

"Nisikilize. Sheria inanikataza kuwasomea majina watu walio hai wasio wa ukoo wetu. Lakini wewe umefunikwa macho. Kwa sheria ile ile, wewe ni mfu." Akamminya vidole. "Sijaona popote palipoandikwa kwamba wafu hawaruhusiwi kusikia."

Chini ya kitambaa, macho ya Nawide yalijaa.

"Wa kwanza," akasema Malowi, "ni Arakateni."

"Mwenye taji la manyoya mawili," akajibu Nawide. "Mmoja umebanduka."

"Hilo sikulijua. Nilikuwa naangalia maandishi tu. Wa pili ni Nahirke."

"Ana ufa gotini. Mvua ikinyesha unaingia maji, tunauziba kwa nta."

"Gotini!" Mzee akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu vita. "Miaka hamsini nimemsoma, sijui kama ana goti."

Wakaenda hivyo, yeye akitoa jina na Nawide akimrudishia sura, mpaka jina na sura vikashikana. Walirudia mara mbili, mara tatu. Ngoma ilikuwa imebaki kama mdundo wa moyo tu walipofika kwa wa mwisho.

"Yule mfupi, karibu na mlango," akasema Nawide kabla hajaambiwa. "Huyo nani, mjomba?"

"Bekeme. Hakuzaliwa ikulu. Alikuwa mkamua mbuzi, na mwanawe alitawala mwaka mmoja."

Kisha mkono wa mzee ukamwachia. Nawide alisikia nyayo zake zikirudi taratibu juu ya mchanga. Alisimama mpaka asisikie nyayo, na mpaka asisikie ngoma. Ndipo akafungua kitambaa, akatembea peke yake hata siku ya pili akauona mto.

Alipokelewa na wakulima wa ng'ambo, akaolewa huko, akazaa mabinti wanne. Hakuzungumza sana. Lakini nyumba yake ilipopakwa, aliacha pembeni mwa mlango matundu mawili bila udongo, na wakati wa kusaga mtama aliimba majina ishirini na saba.

Mabinti zake walikumbuka kumi na tisa. Wajukuu, saba. Vita vingine vilikuja, na dini nyingine, na lugha nyingine. Mchanga wa Warkesha ukapanda juu ya hekalu mpaka mahali pale pakawa kilima kama vilima vingine, na wachungaji wakalisha mbuzi juu ya vichwa vya mama wa wafalme bila kujua. Jina la Nawide halikubaki popote. La Degana halikubaki. La mfalme aliyeleta nyundo halikubaki nalo.

Hata hivyo, wasimuliaji wanasema kwamba katika vijiji vile vya ng'ambo wanawake waliendelea kuacha matundu mawili kando ya mlango, na mgeni akiwauliza sababu, walimjibu kwamba nyumba nayo inapenda kumwona anayekuja. Na mtoto mchanga alipopiga chafya, bibi yake hakumwambia afya wala baraka. Alimgusa kwa ncha ya kidole kidogo, pembeni mwa jicho, akamwambia: "Bekeme."

Ukimuuliza maana yake, alicheka. Hakuijua. Alisema ndivyo mama yake alivyofanya, na kwamba mtoto akiambiwa hivyo, hufumbua macho.